Nilivyofunguliwa Kutoka kwa Wanasesere wa Gemu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe kweli, maana bila yeye leo ningekuwa mahabusu Masasi kwa kumvunja mtu meno!

Ndugu zangu, siku ile nilisimama katikati ya soko la Masasi, nikashika mwanasesere wa plastiki, nikamng'oa kichwa mbele ya watu. Nikang'oa mikono. Nikakanyaga kiwiliwili mpaka kikawa bapa. Watu walisema, "Huyu dada kapandwa na mashetani!" Mwenye duka, ambaye soko zima linamwita Bwana Dubai, akapiga kelele, "Mama Esta, hiyo utalipa!" Nikamwambia, "Nimeshalipa msimu mzima, mwizi wewe!"

Sikuwa na mashetani. Nilikuwa nimechoka. Acheni niwaeleze.

Mnanifahamu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa, nikapata binti mmoja, Esta. Baba yake aliondoka hapa Newala Esta akiwa na miaka minne, akaenda Dar es Salaam kuwa machinga kama vijana wengine wa kwetu. Barua zikaja mbili. Ya tatu haikuja.

Hapa kanisani mliniuliza kila Jumapili, "Baba Esta hajambo?" Nikajibu, "Hajambo." Mkapita. Hakuna aliyengoja nimalize kuvuta pumzi. Nawaambia kwa uchungu, na Mungu anisamehe, lakini ni kweli. Nilikuwa nateremka bondeni kuteka maji peke yangu, napanda mlima na ndoo peke yangu, nakula ugali nikitazamana na ukuta. Siku nyingine sauti yangu ya kwanza kuisikia ilikuwa saa kumi jioni, nikimfukuza kuku.

Sasa msimu ule wa pili wa korosho bila mume nilishuka na Esta Masasi. Mmeona jinsi mambo yalivyobadilika tangu biashara iachiwe huria, kila kona kuna duka la vitu vya nje. Bwana Dubai alikuwa na banda la gemu, televisheni inaendeshwa kwa jenereta, vijana wamejaa wanabonyeza vitufe. Kwenye kioo kulikuwa na mpiganaji wa nguo za bluu anaruka na kupiga mateke. Esta akacheka! Mtoto ambaye hakucheka tangu baba yake aondoke, akacheka mpaka akashika tumbo!

Na pembeni ya banda wametundikwa wanasesere wa plastiki wa mpiganaji yuleyule, kila mmoja kwenye mfuko wake unaong'aa. Bei yake? Kangomba tatu za korosho. Mnakijua kile kibakuli cha wanunuzi wa vichochoroni, kinachojazwa mpaka korosho zinamwagika, halafu kinahesabiwa kimoja. Kangomba tatu kwa kitu chepesi kuliko ganda la yai!

Nilimpa Bwana Dubai korosho zake, Esta macho yakiwa kwenye gemu, nikamficha mwanasesere ndani ya kanga. Hilo lingekuwa ujinga tu, na ujinga unasameheka. Lakini tulipofika nyumbani nikamwambia Esta, "Baba amekutumia."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

Esta alikimbia mtaa mzima akipiga kelele, "Baba kanitumia! Baba kanitumia!" Na mimi, mwanamke mzima, nikajisikia nina mume. Watu wakanitazama kwa heshima. Kwa siku tatu nzima sikuwa mke aliyeachwa.

Basi ukaja upanga wa mpiganaji. Ukaja uso wa kuvaa wa mpiganaji. Kikaja kikombe chenye picha ya mpiganaji, ambacho maji ya moto yalikikunja kama jani la mgomba. Kila kimoja nilikitolea korosho, na kwa kila kimoja nilisema, "Baba katuma." Zile korosho nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya bati na mfereji, mvua ikinyesha nikinge maji, niache kuteremka bondeni. Mvua ikanyesha. Wenye bati wakajaza mapipa. Mimi paa langu la nyasi likanipa maji ya rangi ya chai, nikachukua ndoo nikateremka.

Na Esta akaanza kukaa barabarani, pale magari ya kutoka Masasi yanaposimama, kumngojea baba yake. Kila siku. Nilipokwenda kumshika mkono nimrudishe, ananiambia, "Bado gari moja, mama." Niliona, nikanyamaza, nikaendelea kununua.

Mkono wa mwanasesere ukakatika. Tukashuka naye Masasi. Bwana Dubai alikuwa ameshanisikia mara nyingi nikimnong'oneza mtoto kwamba baba hutuma vitu kupitia dukani kwake. Esta akamwinulia mwanasesere wake kilema, akasema, "Shikamoo mjomba. Mwambie baba atume mwenye mikono yote."

Yule bwana akacheka. Akainama mpaka usoni kwa mwanangu, akasema, "Marahaba. Mwambie mama alete kangomba mbili, baba atatuma leoleo."

Ndipo nikanyakua mwanasesere mpya pale alipotundikwa, nikamng'oa kichwa.

Tukapanda kurudi Newala. Jioni akaja jirani yangu Bi Somoe, ambaye si wa kanisa hili, ni Mwislamu, anaswali swala tano. Habari zilikuwa zimemfikia. Akaniletea ndoo ya maji ya bati lake, akakaa chini. Hakuniuliza kama Baba Esta hajambo. Alisema, "Mama Esta, huyu mtoto unamdanganya mpaka lini? Atazeekea pale barabarani."

Nikamwita Esta. Nikamwambia, "Baba hakutuma kitu. Hata kimoja. Nilinunua mimi."

Akauweka upanga wake chini. Kisha akauliza, "Baba yuko wapi?"

"Sijui."

Wapendwa, lile neno lilikuwa limenikaa kooni miaka miwili! Lilipotoka nililia kama niliyefiwa. Esta akauliza, "Na wewe utaondoka?" Nikasema, "Siondoki." Bi Somoe akatuacha tulie. Nikaomba palepale sakafuni, bila maneno mazuri, nikasema, Bwana, nitoe huku. Na alinitoa! Asubuhi Esta hakwenda barabarani. Alikwenda nami bondeni na kidumu chake.

Upweke haujaisha, sitawadanganya na ninyi. Lakini uongo umeisha, na Mungu anakaa na mtu asiyedanganya. Mnaoniuliza kama vile vitu vinafaa kununuliwa: havifai! Ni plastiki ya siku tatu kwa bei ya paa la nyumba. Na wewe dada unayenunua ili nyumba isiwe kimya, mwamini Yesu, na mwambie mtu ukweli. Njoo hata kwangu. Ninamshukuru Mungu, na ninamshukuru Bi Somoe.

Jumatatu nilirudi Masasi, nikaingia ofisi ya soko na barua. Karani akacheka, "Dada, unashtaki mwanasesere?" Nikamwambia, "Nashtaki mdomo. Gonga mhuri." Akagonga. Nakala ninayo, naisoma kama ilivyo:

"Kwa Msimamizi wa Soko. Yahusu: malalamiko dhidi ya mwenye banda la gemu. Sidai korosho zangu. Nilizitoa kwa hiari na kwa ujinga. Nalalamika kwamba alimwambia mtoto wa miaka sita kuwa baba yake atatuma zawadi endapo mama ataleta korosho. Uongo huo niliuanza mimi, naomba iandikwe hivyo. Yeye aliuona, akaufanya biashara. Naomba akatazwe kuuza kitu chochote kwa kumtaja mzazi wa mtoto. Baba wa mtoto: hajulikani alipo. Mlalamikaji: mama yake, yupo."