Efrazia Hhando, Aliyebisha Hodi Kwake Mwenyewe

Marehemu Efrazia Hhando, tunayemlaza leo hapa Mogitu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 kijijini Nambis, Mbulu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Hhando Gwandu na Mama Tekla. Mimi ninayesoma ni Herman, mdogo wake wa kumfuata, na nitajitahidi nifike mwisho. Waliomfahamu ukubwani watadhani natania, lakini utotoni dada yangu alikuwa msemaji wa kupindukia. Ndama wakituponyoka wakaingia kwenye maharage, Mama alikuwa na habari kabla hatujafika nyumbani. Wala hakutuchongea sisi tu, alianza na kosa lake: "Mama, mimi nilikuwa nacheza, na Herman alikuwa amelala." Fimbo tulikula wote, kununa nilinuna peke yangu.

Alisoma shule ya msingi Nambis kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akafaulu kwenda sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974. Mwaka 1976 alikwenda Tabora kusomea uhazili. Aliporudi likizo alikuwa akipigapiga vidole mezani bila kujijua, Mama akadhani ni ugonjwa wa huko, akamchemshia dawa. Aliinywa yote kwa heshima.

Januari 1978 aliajiriwa katika ofisi moja ya serikali mjini Mbulu, akiwa mpiga chapa. Mwaka 1987 alikula kiapo, akapelekwa masjala ya siri, yaani chumba cha kutunzia mafaili yasiyo ya kila jicho. Tangu siku hiyo msemaji wetu akanyamaza. Ukimwuliza habari za kazini, anakujibu, "Kazi ipo." Tuliizoea hiyo "kazi ipo" hadi watoto wake wakawa wanatujibu nayo wanapoulizwa habari za shule.

Jambo moja tu la kazi alitusimulia, kwa kuwa lenyewe halikuwa siri. Kabla wakaguzi hawajaja kutoka mkoani, masjala ilitakiwa ijikague yenyewe. Alipekua kapu la taka na karatasi za kaboni. Aliangalia hata utepe wa taipureta, maana utepe hubaki na alama za herufi zilizopigwa. Alifungua kila faili kuona kama karatasi zake zimetimia. Mwisho alifunga mlango, akatoka nje, akazunguka jengo na kuchungulia dirishani kama mtu asiyepajua. Alisema ukikaa sana ndani unaacha kuona kilichosahaulika wazi, kwa hiyo lazima utoke, urudi kama mgeni.

Jumamosi ya tarehe 26 Desemba 1981 alifunga ndoa katika kanisa la Tlawi na Bwana Clement Margwe, bwana mifugo, mwenyeji wa hapa Mogitu. Mungu aliwajalia watoto watatu, Yonas, Judith na Violeth. Mwaka 1994 shemeji alihamishiwa Katesh kuwahudumia wafugaji wa huku Hanang, dada akabaki Mbulu na watoto. Walionana mwisho wa mwezi, tena barabara ikikubali. Shemeji alikuwa akija na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, amekipakata njia nzima, na dada alikuwa akitoka barazani mara kwa mara kusikiliza kama kuna gari. Walipendana, na kila mtu mtaani alijua.

Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, watumishi walihitajika Babati, makao makuu yake. Shemeji akapata uhamisho, na jina la dada nalo likapitishwa. Sijawahi kumwona shemeji na furaha ile. Alipanga nyumba ya vyumba viwili, akaagiza kitanda kipana kwa fundi, akapanda maua mlangoni kwa sababu mkewe alipenda maua. Halafu jina la dada likaondolewa. Alimwambia mumewe maneno haya tu: "Baba Yonas, kazi imenizuia." Shemeji alisubiri neno la pili, halikuja.

Kwa nje aliligeuza kuwa utani. "Mama Yonas ameolewa na baridi ya Mbulu," alikuwa akisema, watu wanacheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa namwona anavyotazama chini akimaliza. Aliamini mkewe angeweza kuja na hakutaka. Maua aliendelea kuyamwagilia, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maua.

Dada alistaafu mwaka 2011, akaja moja kwa moja hapa Mogitu, ambako shemeji alikuwa ameshastaafu na kurudi kabla yake. Hatimaye wakakaa chini ya paa moja. Kila Ijumaa jioni aliikagua nyumba hii kama alivyoikagua masjala. Alifunga mlango, akazunguka hadi zizini, akachungulia madirisha, kisha akasimama hapo kizingitini na kusema, "Hodi hapa." Shemeji kutoka ndani alijibu, "Pita, mlango haujafungwa." Alijibu kwa upole, lakini neno "karibu" hakulisema. Majirani na sisi ndugu tuliona ni mchezo wa wazee. Binti yao Judith ndiye aliyegundua kwamba mama yake alikuwa akisimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia, kama anayengoja kitu.

Mwaka 2014 aligundulika na kisukari, na mwishoni mwa mwaka jana figo zikaanza kumsumbua. Hata hospitalini alijikagua. Alimtuma Violeth atoke nje, atazame kupitia dirishani kama shuka limekaa vizuri, asije mgeni akakuta aibu. Siku moja shemeji alianza kusema, "Mama Yonas, kule Babati..." Dada akamshika mkono, akaushikilia, na hawakuendelea. Alifariki Jumatatu, tarehe 14 Machi 2016, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini.

Ameacha mume, Bwana Clement Margwe, watoto Yonas, Judith na Violeth, wajukuu watano, na sisi ndugu zake, Herman na Sara.

Wasifu ungeishia hapo, lakini shemeji ameomba hili nalo lichapwe. Jumanne alasiri alifika msibani Mzee Severine, aliyekuwa mkuu wa kazi wa dada. Baada ya shikamoo na pole alikaa karibu na shemeji, akaeleza mbele yetu. Mwaka ule wa 2002 mashine ya ofisi iliharibika. Biashara huria ilikuwa imeshaleta duka la fotokopi pale sokoni, kwa hiyo alimruhusu Efrazia akatoe nakala ya karatasi moja, aisimamie mwenyewe. Akarudi na nakala, karatasi yenyewe akaisahau chini ya kifuniko cha mashine. Kesho yake, katika kujikagua, aliona haimo kwenye faili. Alikimbia sokoni. Umeme ulikuwa umekatika jana yake mara tu alipoondoka, na hakuna aliyefunua kile kifuniko.

"Nikamwambia, mama, karatasi imerudi, yaishe," alisema Mzee Severine. "Akanijibu, 'Mzee, mkaguzi ni mimi na aliyekosa ni mimi. Nikijificha mwenyewe, kesho nitamkagua nani?' Akataka taarifa iende juu na jina lake. Babati wakamkataa. Alilia ofisini kwangu, akisema mume wake ameshatengenezesha kitanda."

Shemeji akauliza kwa nini mkewe hakumwambia.

"Kiapo, ndugu yangu. Lililotokea masjala lilikuwa la masjala, hata kosa lake mwenyewe. Kilichoandikwa kwenye karatasi ile sisemi hata leo. Lakini kwamba alitaka kuja kwako, hiyo si siri ya serikali."

Shemeji alivua kofia. Kisha akasema, "Kumbe alitaka kuja," akafunika uso kwa kofia yake.

Jana mchana tulimleta dada nyumbani. Tulipofika na jeneza kizingitini, Yonas alisimama pale alipokuwa akisimama mama yake, akasema, "Hodi hapa." Shemeji alikuwa ndani, amesimama peke yake, mlango ameufungua wote.

"Karibu, Mama Yonas," alisema. "Karibu sana. Nilikuwa nakungoja."

Dada Efrazia, umekaribishwa na mwenye nyumba. Ingia, upumzike kwa amani.