Siri ya Ghala la Ushirika

Habari hii aliisimulia kwanza shangazi yetu, muuza kahawa, Jumapili moja tukimsaidia kupukuchua mahindi ya mbegu, mwaka mmoja baada ya mambo yenyewe kutokea. Wengine wameitia chumvi. Hapa inafuatwa ya kwake. Wakati ule aliuza kahawa kwenye kona ya barabara, mkabala na ghala la chama cha ushirika: jiko la mkaa, birika, vikombe kwenye beseni, na benchi moja refu ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Ufunguo wa ghala aliuvaa shingoni, kwa kuwa wakulima walimwamini yeye kuliko walivyoaminiana. Mkutano mkuu ulikuwa umepatana kwamba kila mmoja apeleke mahindi yake ghalani, yauzwe kwa pamoja, na kiwanda cha unga kilete lori kwa siku maalumu, lipakie iwapo yamefika magunia mia moja. Ili wachuuzi wasijue hesabu, mahindi yapelekwe jioni, benchi likishatawanyika, na mwenye ufunguo aapishwe asimwambie mtu yeyote idadi, hata wanachama wenyewe. Shangazi aliapa, na jioni ileile akapeleka magunia yake sita. Nyumbani alikuwa na chumba kimoja chenye paa linalovuja, na mwaka uliotangulia dumuzi, yule mdudu atoboaye punje, alimwachia vumbi. Lori lisipoyachukua haya, hakuwa na pengine pa kuyaweka. Wiki tatu zikapita. Hakuja mtu mwingine kuomba afunguliwe mlango. Shangazi akawa anamimina kahawa, anasikiliza, ananyamaza.

Asubuhi ya siku ya kuchagua bodi, ndiyo pia siku iliyoahidiwa lori, wanaume walikuwa watatu benchini na maneno yao yangewatosha thelathini. Mbiu, aliyepewa jina hilo kwa sauti yake, alimtaka mwenye mashine ya kusaga awe mwenyekiti. Fundi Baiskeli alimtaka mkunga wa zahanati. Kanuni, karani wa mahakama aliyestaafu, hakumtaka yeyote. Alitembea na katiba ya chama ndani ya mfuko wa nailoni, na aliitoa kama mtu achomoaye kisu.

— Mwenye mashine akishinda, tunauza leo leo, alisema Mbiu. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

— Mkunga akishinda, tunangoja bei ipande, alisema Fundi. Subira yavuta heri.

— Subira ya nini? Mahindi si mimba, bwana!

— Ndiyo maana tunamtaka mkunga. Yule anajua wakati wa kusukuma na wakati wa kutulia.

Kanuni alikohoa, mkono ukiwa tayari mfukoni.

— Ibara ya nane. Bei huamuliwa na bodi nzima, si mwenyekiti.

— Mzee, katiba yako haina ibara ya kunywa kahawa kimya kimya? aliuliza Mbiu.

— Ina ibara ya utovu wa nidhamu. Nikusomee?

— Nisomee, ila usiishike kwa mkono wenye kahawa, itapata madoa kabla ya kupata wasomaji.

Shangazi aliwaongezea, akatazama barabara. Hapakuwa na lori bado.

— Tugombee viti tu, alisema Mbiu, kazi kubwa imeshafanyika. Ghala limeshiba. Juzi nimepita pale, ukuta umetoa tumbo.

— Hilo tumbo ni lipu mbovu, alisema Fundi.

— Ni mahindi! Mtu akishiba si unamwona? Ndiyo maana wachuuzi wameingiwa na hofu. Wanatutumia dumuzi.

— Dumuzi anatumwaje, wewe?

— Anafugwa! Wanamtia kwenye debe lenye matundu, wanamlaza njaa mpaka apate hasira, kisha wanamwachia upande wa ghala letu.

— Atajuaje lipi letu na lipi lao?

— Anafundishwa harufu.

Fundi alitikisa kichwa kwa huruma.

— Hayo madogo. Wale wana mtu kule mlimani, ana darubini. Anahesabu kuku.

— Kuku?

— Kuku wakinenepa, maana yake mahindi ni mengi, basi bei inashushwa. Ndiyo maana wangu nimewafungia ndani.

— Wako umewafungia kwa sababu wamekula mchicha wa jirani.

— Hiyo ni sababu ya pili.

Wote wawili wakamgeukia Kanuni awaamue. Kanuni alifikiri kwa muda, kama alivyowaona mahakimu wakifanya.

— Kisheria, kuku si ushahidi, alisema. Ila lazima nikiri, jogoo wangu mwezi huu amekuwa akiutazama sana ule mlima.

Shangazi aliinamia beseni ili wasimwone akicheka. Alipoinuka, kicheko kilikuwa kimekwisha. Aliuliza akiwa kwenye ukingo kabisa wa kiapo chake:

— Kaka zangu, kwani nyinyi wenyewe mmeshapeleka?

— Dada! alisema Mbiu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi tumekufanya kata. Usimwage.

— Namuuliza kila mtu yake mwenyewe, si ya wenzake.

Fundi alijikuna kidevu.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Yaani umepeleka haba? aliuliza Mbiu.

— Yaani kibaba kimeshajazwa na haba za wenzangu. Niongeze yangu ya nini, yamwagike? Mkunga akishinda, nitapeleka. Na wewe?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yangu yako mvunguni. Mwenye mashine akishinda, nitainama.

— Mzee Kanuni je? aliuliza Shangazi.

— Bodi ya zamani imemaliza muda. Mazao yakipokelewa bila bodi yamepokelewa na nani? Mimi nangoja utaratibu.

— Basi tumebaki sisi watatu tu, alisema Mbiu, akaunyanyua mkono kuufuta mzigo huo hewani. Wanachama mia na ishirini, watatu si kitu.

Shangazi alishika ufunguo pale shingoni. Wiki tatu alikuwa akijiambia kwamba labda ni uvivu, labda ni kazi za shamba. Sasa alielewa. Kila nyumba ilikuwa na watatu wake, waliodhani ni wao tu waliobaki.

Lori likatokea wakati huohuo, refu, jipya, likasimama mbele ya ghala. Dereva alishuka, taulo shingoni, akavuka barabara.

— Shikamooni, wazee wangu. Ghala la ushirika ndilo hili?

— Marahaba. Ndilo lenyewe, alisema Mbiu. Limeshiba hilo!

— Vizuri. Ni magunia mangapi?

Mbiu alimtazama Fundi. Fundi alimtazama Kanuni. Kanuni aliutazama mfuko wake.

— Mengi, alisema Mbiu.

— Mengi mangapi, mzee? Nimeambiwa chini ya mia nisifungue hata turubai.

— Ajuaye ni dada huyu, alisema Kanuni, lakini haruhusiwi kusema mpaka mwenyekiti ampe idhini.

— Mwenyekiti yuko wapi?

— Anachaguliwa saa kumi.

— Mimi saa sita naondoka.

Shangazi alijifuta mikono kwenye kanga.

— Niliapa kutosema, alisema. Sikuapa kutofungua.

Alivuka barabara, nao wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine. Mlango ulikwama kidogo, kisha ukaachia. Ndani mlikuwa na sakafu iliyofagiliwa, ukuta mpaka ukuta, na katikati, juu ya mbao mbili, magunia sita.

— Ala! alisema Mbiu, na ghala likamrudishia sauti yake yote.

— Ya nani haya? aliuliza dereva.

— Yangu, alisema Shangazi.

Dereva aliyazunguka magunia, kisha akausoma waraka wa uchaguzi uliobandikwa mlangoni, majina ya wagombea na muhuri.

— Sasa wazee wangu, aliuliza kwa upole, hiyo bodi mnayoichagua leo itauza nini?

Kanuni hata mfuko hakuugusa.

— Mama, alisema dereva, sita siwezi. Utanisamehe.

— Saa sita bado saa mbili, alisema Shangazi. Kaa unywe kahawa.

Aliwageukia wale watatu. Fundi ndiye aliyeanza: alirukia baiskeli ya mteja, haina breki, akapotea kwenye kona. Mbiu alitoka mbio kila mtaa, na siku hiyo ile sauti ilipata kazi ya maana: “Ghala ni tupu! Leteni! Ghala ni tupu!” Baada ya muda yakaanza kuja, kwa matoroli, kwa baiskeli, kwa vichwa. Kanuni alikokota mkokoteni wenye magunia mawili, mkewe akimsukuma kwa maneno:

— Ibara ya ngapi inayokutaka ulale na mahindi, baba nanii?

Ilipofika saa sita kasoro dakika chache, Shangazi alihesabu, akarudia. Tisini na saba. Barabara ilikuwa tupu. Dereva naye alikuwa akihesabu kwa sauti wakati wa kupakia. Alipofika sabini na moja alimtupia jicho Shangazi, ambaye alikuwa amesimama kando ya sita zake kama mtu anayesindikiza wagonjwa.

— Sabini na moja, alisema dereva. Sabini na tano. Sabini na sita.

Akafika mia, akafunga turubai. Shangazi, ambaye hajawahi kusamehe hata kikombe kimoja kilichokosewa hesabu, hakumsahihisha. Kiapo kilikuwa bado kinamfunga.

Uchaguzi ulisogezwa wiki moja kwa sababu ya migongo ya wapiga kura. Mkunga alishinda.

Kanuni amefariki, na Mbiu alimfuata mwaka juzi. Fundi Baiskeli yu hai, ila macho hayaoni mbali. Mkunga yu hai na amestaafu. Habari za dereva hatukuzipata tena. Shangazi yu hai.