Mzee Kefa Halinga, Aliyetumwa Kushuhudia Akarudi na Jembe

Familia inawashukuru wote mliofika hapa Chapwa kumsindikiza Mzee Kefa Halinga. Angekuwapo angetuomba tusome haraka tukae, maana hakupenda kutajwa mbele za watu. Leo atatuvumilia.

Marehemu alizaliwa Hasamba, wilaya ya Mbozi, tarehe 14 Machi 1954, kwa Mzee Tuntufye Halinga, mkulima wa kahawa. Alimaliza darasa la saba kijijini hapo mwaka 1970. Kichwa kilikuwa chepesi, ulimi ndio mzito. Krismasi moja alipewa mstari wa kusoma kanisani. Alisimama, akawatazama watu, akaketi. Mama yake alimfariji kwamba mstari ule Mungu alikuwa anaujua tayari.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Jenista, wakajaliwa Luka, Violet na Gwakisa. Mwaka 1983 walihamia Tunduma, akawa fundi wa matairi kwenye foleni ya malori mpakani. Huko aliongea na kila mtu. Madereva wa Zambia aliwaamkia “Mulishani”, wakapiga soga za mvua na mpira hadi tairi likajaa. Mazungumzo yakimgusa Mungu tu, mzee aliinama kutafuta spana. Imani alikuwa nayo, na kila alfajiri aliomba kabla ya kwenda kazini. Ila kuisema mbele ya mtu mwingine aliona aibu, na aibu hiyo ilimuumiza sana.

Luka alifariki mwaka 1998, akiwa kijana wa kidato cha pili. Jinsi baba yake alivyouvuka msiba ule, kwa miaka mingi hakumsimulia mtu, hata ndani ya nyumba.

Mwaka 2013 ushirika ulimchagua kuwa mzee wa kanisa. Wazee waligawana nyumba za kutembelea siku za Jumamosi, naye akapewa ya jirani yake, Rabson. Rabson alikuwa amefiwa na mkewe, akaacha kanisa, na kila aliyekwenda kumhubiria alionyeshwa njia ya kurudi. Mzee Kefa alimpenda Rabson. Aliogopa kumfukuza kwa maneno, na aliogopa zaidi kunyamaza mpaka mmoja wao azikwe.

Jumamosi ya kwanza alipiga hodi, akakaribishwa, akaulizwa habari za nyumbani. Akasema amekuja kuazima jembe. Nyumbani alikuwa na majembe matatu. Wiki iliyofuata alirudisha jembe, akaazima bomba la kupulizia dawa. Ikafuata sururu, kisha ungo. Mama Jenista alimwambia, “Baba Luka, huyo jirani ukimtembelea tena tutakosa pa kulala.”

Msimu wa mavuno alimkuta Rabson uani akipukuchua mahindi. Akaketi, akachukua hindi, akaanza kumsaidia bila kuombwa, kama tufanyavyo huku. Kisha Rabson akasema, “Mzee Kefa, jembe unalo. Bomba unalo, nimeliona. Umekuja kusema nini muda wote huu?”

“Nimetumwa nikuhubirie,” mzee akajibu. “Siwezi.”

Rabson alicheka, mara ya kwanza tangu afiwe. “Basi acha kuhubiri. Niambie tu, Luka alipokufa ulifanyaje?”

Mzee aliendelea kupukuchua, macho kwenye mahindi. Akasema kwamba mwaka mzima hakuweza kuomba. Alikuwa akipiga magoti alfajiri, ananyamaza, anakwenda kazini. Akasema aliona kuwa kuna mtu anapiga magoti pamoja naye, naye pia amenyamaza. “Zaidi ya hapo sijui kueleza,” akamaliza.

“Hayo tu?”

“Hayo tu.”

Rabson akamsogezea mahindi mengine. Hakurudi kanisani siku ile wala mwaka ule. Lakini tangu hapo mzee alikwenda kwake bila kuazima kitu, na kwenye foleni ya malori, mbele ya dereva mwenye huzuni, hakuinama tena kutafuta spana. Alimsimulia habari za Luka.

Novemba 2023 mzee alipatwa na kiharusi, sauti ikapotea kabisa. Alitibiwa, akarudishwa nyumbani, Rabson akawa anakuja kumnyoa. Jioni ya tarehe 6 Juni 2024 pumzi ilibadilika. Mchungaji alikuwa bado njiani kutoka Itumba. Mama Jenista alishindwa kusema. Rabson akaweka wembe chini, akamshika mkono rafiki yake, akaomba kwa sauti, mbele yetu sote, huku akigugumiza:

“Mungu, sijui kuomba vizuri. Huyu Kefa alikuja kwangu na aibu yake, akakaa. Na wewe kaa naye.”

Mzee aliubana mkono ule. Akafariki kabla mchungaji hajafika.

Marehemu ameacha mjane, Jenista, watoto wawili, Violet na Gwakisa, wajukuu watano, dada yake, Tusekile, wa Hasamba, na rafiki yake Rabson, ambaye familia imeomba aandikwe hapa pamoja na ndugu.

Kefa Halinga, baba yetu, apumzike katika amani ya Yule aliyepiga naye magoti.