Mama wa Chumba Namba Tisa na Utepe wa Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Rupert Gama, Mwenyekiti wa Umoja wa Wenye Nyumba za Wageni Kusini. Mwajiri wetu, Mzee Kajetani Mapunda, mwenye moteli. Majirani na wageni waalikwa. Na wewe Mama Notburga uliyeko huko juu kibarazani: shikamooni wakubwa zetu. Tumsifu Yesu Kristu. Asalaam aleikum.

KARIBU SONGEA

Sisi wafanyakazi tisa wa Moteli ya Tulia Kwetu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tulikungoja jana Ijumaa tangu saa tatu, na leo Jumamosi tangu saa mbili. Umefika saa tatu na robo, na muda huo tumeujaza kwa kalamu hivi punde, kwenye nafasi tuliyoiacha wazi. Muhimu umefika salama.

Umekuja kuzindua ghorofa yetu kwa kukata utepe mwekundu uliofungwa mwanzo wa ngazi. Ratiba ina mambo kumi na manne, na kukata utepe ni jambo la kumi na tatu, baada ya chakula. Tunaomba hilo ulishike, maana ndilo linalotuumiza vichwa.

HISTORIA FUPI YA MOTELI

Moteli hii ilikuwa ghala la mahindi. Mzee Kajetani aliligawa vyumba vinne, akaweka bati la kijani, upepo ukalichukua. Akaweka la bluu, majirani wakasema linafanana na la zahanati, wagonjwa wakawa wanagonga hodi. Ndipo akaweka hili jekundu. Mwaka juzi akapandisha ghorofa ya vyumba vitano, namba tano hadi tisa. Njia ya kufika huko ni moja tu, ngazi hizi zenye vidaraja kumi na saba.

Fundi alipouliza kama ajenge na njia ya mteremko, Mzee alijibu kwamba wageni wake wote wana miguu. Lakini mteremko tunao, mgeni rasmi, tusije tukasema uongo mbele yako. Uko nyuma, kwenye stoo. Kreti za soda zinaingia na kutoka zikiteleza raha mustarehe.

Risala hii Mzee aliipitia jana mpaka hapa. Alisema ni nzuri sana, akaenda kunyoa.

MAFANIKIO

Fanikio letu kubwa ni kwamba tumepata mgeni wa ghorofani hata kabla ghorofa haijazinduliwa. Huyo ni Mama Notburga Komba, mkulima wa tumbaku na mahindi kutoka Namtumbo. Miaka sita iliyopita alianguka kutoka juu ya bani la kukaushia tumbaku, nyonga ikaharibika, na tangu hapo anatembelea kiti mwendo. Ulimi wake haukuumia hata kidogo, hilo tunalithibitisha.

Mama alipiga simu Jumatatu. Alimwambia dada wa mapokezi, Hilda, ambaye ndiye anayekusomea, kwamba miguu yake haimpeleki popote, kwa hiyo apewe chumba cha chini. Hilda akaandika kwenye daftari: chumba namba mbili. Ila Mama alitaja pia kilichomleta. Bintiye, Sista Benigna, anaweka nadhiri za daima kanisani Mshangano, leo Jumamosi, misa ya saa nne asubuhi. Siku hiyo wazazi ndio wanaomshika mkono mtoto na kumfikisha altareni. Baba yake Sista ni marehemu. Mzazi aliyebaki ni huyo.

Mzee Kajetani aliposikia kwamba anayekuja ni mama mzazi wa sista, alisimama wima. Akasema mama wa namna hiyo hawezi kulazwa chini, pua na mdomo na jiko, kama vile moteli haina adabu. Akafuta namba mbili kwa mkono wake, akaandika namba tisa, Chumba cha Heshima. Hilda akamkumbusha habari ya miguu. Mzee akajibu kwamba ndiyo maana ameajiri vijana.

Basi Jumatano Mama alipofika, vijana wanne walimnyanyua na kiti chake, Saimon mpishi akiwa mbele na Jumanne mlinzi nyuma, wakapanda vidaraja kumi na saba wakipumzika mara tatu. Mama alishika rozari kwa mkono mmoja na kola ya Saimon kwa mkono wa pili. Kufika juu akashukuru, akauliza kwa upole kama kule chini kuna ugonjwa.

Chumbani, kitanda kilikuwa kimetandikwa magodoro mawili kwa heshima yake. Kilimfika kifuani. Aliomba moja litolewe, tukalitoa. Mzee akapita, akaliona kwenye korido, akaagiza lirudishwe mara moja. Likatoka na kuingia mara nne siku ile. Mwishowe Mama akasema heshima imemzidi kimo, akalala kwenye lile la korido, sakafuni.

Mlango wa bafu ulikuwa mwembamba kuliko kiti chake kwa vidole vinne. Tukaung'oa na fremu yake, tukatundika kitenge. Choo ni cha kuchuchumaa. Hapo Saimon alichukua kiti cha plastiki, akakitoboa tundu kwa msumeno wa nyama, akakisimamisha juu ya choo. Mama alikitazama, akamwambia kwamba katika moteli nzima ni yeye peke yake aliyewahi kufikiria.

Tulipompelekea daftari la maoni ya wageni, aliandika: "Chumba kizuri. Sijawahi kutoka."

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, Alhamisi asubuhi fundi alikuja kubandika vigae kwenye ngazi, ili wewe usikanyage saruji tupu. Hatukuambiwa. Mama alikuwa ameshavaa na viatu, anakwenda kumwona binti yake, tulipomkuta fundi amefika kidaraja cha kumi na mbili. Alisema asikanyage mtu kwa saa ishirini na nne. Tukampigia Mama hesabu, tukaona Ijumaa asubuhi atakuwa huru, tukamwomba avumilie. Akavumilia.

Ijumaa asubuhi vigae vilikuwa vimekauka, lakini utepe ulikuwa umeshafungwa. Mzee Kajetani alisema utepe wa mgeni rasmi ukivukwa kabla hajaukata ni nuksi kwa biashara na aibu kwa ukoo, na atakayeugusa achukue mfuko wake aende kwao. Tukasema si neno, mgeni rasmi anakuja saa tatu. Saa tatu ikapita. Saa saba tukaletewa habari kwamba umepata dharura na utakuja Jumamosi. Wageni waalikwa wakala, wakaondoka. Utepe ukabaki.

Tangu hapo sisi tunapanda kwa ngazi ya mbao ya fundi, huko nyuma, kwa kupitia dirishani. Chakula cha Mama tunakivuta kwa kapu na kamba. Ugali umefika salama kila mara. Mchuzi ulimfikia Jumanne kichwani. Kuna mwenzetu alishauri Mama naye tumfunge kamba tumshushe kwa nyuma. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Mwanangu, nilishashuka kutoka juu mara moja kwa haraka. Ile inanitosha."

Jana jioni Sista Benigna alimpigia simu mama yake kumuuliza yuko wapi, maana walikuwa wanafanya mazoezi ya misa na nafasi ya mzazi ilikuwa tupu. Mama alimjibu kwamba yupo Songea, yupo pazuri, yupo juu. Hakumwambia zaidi. Alipokata simu tulimwona anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na sisi tukatazama pembeni kwa aibu. Aidan wa dobi, katika kumfariji, akasema siku hizi misa zinaonekana hata kwenye simu. Hapo Mama akakasirika, na ndiyo mara ya pekee tuliyomwona amekasirika.

"Nimezaa mmoja," alisema, "na kesho namtoa. Mnataka nimtoe kwa simu?"

Tulimwendea Mzee wote tisa, tukamwomba utepe ufunguliwe dakika tano tu. Mzee si mtu mbaya, mgeni rasmi, tunataka uelewe hivyo. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mama yake, yeye ndiye aliyetoa jeneza. Ila akishika jambo amelishika. Alisema Mama awe na subira, atashushwa kwa heshima zote baada ya uzinduzi, na tena atapiga picha na mgeni rasmi. Tukamweleza kwamba misa ni saa nne. Akasema na mgeni rasmi atafika saa mbili.

MAOMBI

Kwa hayo machache, tunayo maombi yafuatayo.

Kwanza, tunaomba jambo la kumi na tatu liwe jambo la kwanza. Tunajua ratiba imepigwa chapa na kugawiwa. Tunajua pia kwamba kuna ngonjera, kwaya, utambulisho wa meza kuu na utambulisho wa wale watakaotambulisha. Vyote vinaweza kusubiri. Bajaji kutoka hapa hadi Mshangano hutumia robo saa.

Pili, ule mteremko wa soda urefushwe ufike mlango wa mbele, soda zituazime.

Tatu, umoja wenu uwakumbushe wenye moteli kwamba mgeni akisema anataka chumba cha chini, apewe cha chini, hata kama ni mama wa askofu. Heshima ni kumsikia alichosema.

Nne, tunaomba mlango wa bafu namba tisa usirudishwe kama ulivyokuwa. Na kile kiti cha Saimon kisitupwe.

UKURASA WA MWISHO

Mgeni rasmi, ukurasa huu tulikubaliana usisomwe mpaka honi ya bajaji ilie mara mbili kule barabarani. Isingelia, Hilda angerudia historia ya moteli tangu ghala la mahindi. Kwa kuwa unausikia, basi imelia.

Maana yake ni kwamba Mama Notburga ameshashuka. Viti vya meza kuu tulivipanga wenyewe alfajiri, vikiipa ngazi mgongo, na vijana wanne walianza kumteremsha wakati mnasikiliza habari za magodoro. Risala tuliiandika ndefu kwa ajili hiyo, na tukamwomba Hilda asome taratibu. Tunakuomba radhi kwa kukushikilia hapo ulipokaa.

Utepe hatukuukata. Walifungua fundo la upande mmoja, wakampitisha Mama, wakalifunga tena, kwa hiyo kazi yako ipo palepale na mkasi unakusubiri. Lakini hatutaki uzindue kitu huku hujui: vigae vyako vimeshapitiwa na mtu, ameshushwa mabegani, anakwenda kumtoa mwanawe altareni, na tunaamini atawahi.

Mzee Kajetani, kauli yako tuliisikia vizuri. Hatukukuficha kwa dharau, tulikuomba kwanza. Mifuko yetu tumeifunga tangu asubuhi, ipo mapokezi, yote tisa, ili usipate tabu ya kuuliza nani aliugusa. Wali uko tayari, nyama iko tayari, wageni watahudumiwa mpaka wa mwisho ashibe. Baada ya hapo useme wewe.

Mungu akubariki, mgeni rasmi. Ambariki mwajiri wetu na ghorofa yake. Ambariki Sista Benigna, na mama atakayemshika mkono leo.

Ni sisi, wafanyakazi wa Moteli ya Tulia Kwetu, mpaka muda huu.