Tawi la Houston Ambalo Halikuwepo

Ndugu zangu, jina la Bwana lipewe sifa popote mnaposomea haya, iwe jikoni au ndani ya gari mkisubiri watoto watoke shule. Mimi ni mtu ambaye hakuna jambo lililoweza kunishinda. Niliondoka Makambako na darasa la saba na koti la kuazima. Nilifika Dallas sijui hata kuomba maji kwa Kiingereza. Nimeosha vyombo, nimepakia maboksi ghalani, nimeendesha lori la mtu miaka sita, kisha nikanunua langu, kisha la pili, kisha la tatu. Nyumba yangu ya Mansfield, hapa karibu na Dallas, ina vyumba vitano na hakuna aliyenishika mkono kuipata. Nilipokuwa nawasikia watu wanashuhudia kwamba walilia kwa upweke hapa Marekani, nilikuwa nasema moyoni: huyu hajapata kazi ya kutosha.

Basi sikilizeni jinsi Mungu alivyonipata.

Kanisani kwetu Dallas nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya jengo. Siku moja tukaletewa mkataba wa kupanga ukumbi, kurasa kumi na moja za Kiingereza. Mchungaji akasema mwenyekiti atusomee. Nikajipapasa mifukoni, nikasema nimesahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa juu ya kichwa changu. Yupo ndugu mmoja tunamwita Injinia, kwa sababu ndiyo kazi yake, na tunataniana toka zamani. Akasema mbele ya kamati nzima, "Mzee, iteremshe hiyo iliyokaa kwenye kipara. Au tuipe karatasi ijisomee yenyewe?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote. Lakini nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu, "Mama Neema, mimi naenda chuo kikuu."

Nilisoma mwaka mzima kwa siri, hapo hapo mezani jikoni, nikapata cheti cha sekondari cha watu wazima. Mtihani wa hesabu nilipata alama ambazo vijana wengi hawazipati, naomba niliseme hilo kwa sababu ni kweli. Kisha nikaomba chuo Houston, mwendo wa saa nne, ili nisionekane na mtu. Malori nikamwachia dereva wangu wa siku nyingi ayasimamie. Kanisani nikatangaza kwamba nafungua tawi la biashara Houston. Waliniombea. Waliniwekea mikono kichwani kwa ajili ya tawi ambalo halikuwepo.

Mke wangu akasema, "Uongo huo utaubeba mwenyewe, Baba Neema. Mimi wakiniuliza nitawaambia wamuulize mwenye tawi."

Siku ya kwanza darasani nilivaa suti ya bluu na tai, nikabeba mkoba wa ngozi. Nilipoingia, vijana wote wakanyamaza na kutoa madaftari. Walidhani mimi ndiye mwalimu. Nilipokwenda kukaa safu ya tatu, wakaangaliana. Toka siku ile waliniita "sir", kwa heshima kabisa, na hakuna aliyekaa karibu yangu. Ndugu zangu, kiti kitupu mkono wa kulia na kiti kitupu mkono wa kushoto, wiki baada ya wiki. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Wale watoto walikuwa na umri wa Neema wangu.

Nilipanga chumba juu ya gereji ya mama mmoja ambaye alikuwa akizungumza na mimi kwa vikaratasi tu: zima taa, usipike samaki. Chakula cha mchana nilikuwa nakula ndani ya gari kwenye maegesho ya chuo, nimewasha kiyoyozi, mlango umefungwa. Mkate na mayai. Wiki moja nilijaribu kukumbuka nimezungumza na nani toka Jumatatu. Nilikuwa nimesema "asante" kwa mwuza vitabu, na nilikuwa nimeitika jina langu darasani. Basi. Mtu mwenye malori matatu. Nikipiga simu nyumbani, Neema ananijibu maneno mawili ya Kiingereza, kisha anampa mama yake simu.

Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kulikuwa na kanisa la Kiswahili si mbali na pale, Wakongo, Wakenya, na Watanzania wachache. Sikuweza kuingia, kwa sababu habari za Houston zinafika Dallas kabla ya sala ya kufunga. Basi nilikuwa naegesha gari ng'ambo ya barabara, kwenye duka la matairi ambalo Jumapili halifunguliwi, nashusha kioo. Joto lile la Houston mnalijua. Nilikuwa nasikia wakiimba, na mimi naimba chini chini mikono ikiwa kwenye usukani. Niliweza kujua wamefika kwenye sadaka kwa wimbo wake. Nilikuwa natoa noti mfukoni, naiangalia, nairudisha.

Katika darasa la kuandika Kiingereza alikuwamo binti mmoja Mkongo, jina lake Furaha, amekimbia vita kutoka Kivu na wazazi wake. Asubuhi anasoma, jioni anafunga maboksi ghalani. Wiki ya tatu akanifuata mlangoni.

"Papa, we ni wa wapi? Ile sauti yako ni ya kwetu."

Nilikuwa sijasikia mtu akiniita Papa, wala Baba, ana kwa ana kwa wiki tatu. Nilitaka kumjibu hapo hapo. Lakini nikafikiri: huyu anasali pale kanisani, ataniuliza naishi wapi, nafanya nini, na Injinia atajua. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba lugha hiyo siielewi, mimi natoka visiwa vya Karibi.

Akaniangalia toka kwenye tai mpaka kwenye viatu. Akasema, "Bon," yaani haya basi, akaenda zake.

Mnaona jinsi uongo unavyozaa? Wiki ile ile mwalimu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, akatupa insha: elezea mahali ulipotoka, na zitasomwa darasani. Furaha amekaa safu ya mbele. Ningeandika nini? Nikaandika kurasa mbili juu ya kisiwa ambacho sijawahi kukiona. Nikaweka minazi, nikaweka bendi, nikaweka bibi yangu anauza maembe ufukweni. Bibi yangu mimi alilima viazi kwenye baridi ya Makambako na bahari hajaiona mpaka anakufa.

Ilirudi ina F nyekundu, na chini mwalimu ameandika sentensi moja ambayo niliitafuta kwenye kamusi neno kwa neno, nikihofia nimekosea. Sikuwa nimekosea. Aliandika: Sioni mtu humu ndani.

Insha ya pili nayo ikawa F, na ya tatu. Mwalimu akaniita ofisini, akaniambia wenzangu wanasomeana kazi zao wawili wawili, na mimi je, nina nani? Nikamwambia nimezoea kujitegemea. Akasema, "Naona." Alikuwa ameinamia karatasi zangu.

Siku ile nilikwenda garini, mkate nikaurudisha kwenye mfuko. Ndugu zangu, nililia. Nilimwambia Mungu: kesho nachukua nguo zangu narudi Mansfield, nitasema tawi halikulipa. Nilishapanga hata maneno.

Asubuhi nikaenda maktaba kurudisha vitabu, maana mimi si mwizi. Furaha alikuwa anashuka ngazi mbele yangu amebeba vitabu mpaka kidevuni. Akakosa ngazi moja, akaanguka mpaka chini, vitabu huku, kandambili kule. Wanafunzi wakasimama. Mmoja akauliza kama yuko salama. Na mimi, kabla sijafikiri kitu, nikajikuta nimepiga magoti nasema, "Pole, mwanangu! Pole sana. Pole, jamani, pole."

Goti linatoka damu. Kisha akaanza kucheka, amekaa pale pale sakafuni, akacheka mpaka machozi.

"Papa wa Karibi," akasema. "Kule Karibi banasemaka pole?"

Nikaokota kandambili nikampa. Nikakaa kwenye ngazi, suti yangu yote, nikamweleza: mkataba, miwani, Injinia, tawi, duka la matairi. Kiswahili kilitoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Alinisikiliza huku amekandamiza kitambaa kwenye goti. Nilipomaliza akasema:

"Batu ba kwetu balikimbia vita, na majina yabo balibeba. We Papa unakimbia kicheko tu, unaficha mpaka kwenu?"

Ndugu zangu, mahubiri nimesikia mengi. Hilo lilikuwa fupi kuliko yote, na lilinichoma.

Akasema Jumapili nije ndani. Nikamwambia habari itafika Dallas. Akasema, "Ndiyo, itafika. Acha ifike, Papa. Itakuwa ya kweli."

Jumapili ile nilivuka barabara. Zile hatua ni chache, mtu angezihesabu, lakini zilinichukua miezi mitatu. Walipouliza kama kuna wageni, nikasimama. Nikasema jina langu, nikasema natoka Makambako, nikasema mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nina miaka arobaini na minne na ninafeli Kiingereza. Mama mmoja nyuma akasema, "Haleluya, hata mimi." Kanisa zima likacheka, na safari hii kicheko hakikuniuma. Baada ya ibada nililishwa fufu, ule ugali wa Wakongo, mpaka nikafungua mkanda. Niliondoka na namba za simu saba. Na tangu siku hiyo Furaha akawa anakaa kiti cha kulia, na rafiki yake Mmeksiko kiti cha kushoto.

Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi simu ikalia. Injinia.

"Mzee, nasikia tawi lenyewe ni la madaftari."

Nikamwambia ndiyo. Akashusha sauti, akasema, "Mimi mwaka wangu wa kwanza nilirudia somo hilo hilo. Sijamwambia mtu. Nisomee hiyo insha kwenye simu." Kila Jumatano alinisikiliza, akinitukana kwa upendo mpaka muhula ukaisha.

Bwana alinitoa mahali ambapo nilijifungia mwenyewe na funguo nikaziweka mfukoni. Malori hayakunitoa, suti haikunitoa. Ninamshukuru Yeye, ninamshukuru yule binti na goti lake, na mke wangu aliyekataa kunisaidia kudanganya. Na wewe unayesoma haya ukiwa umeegesha ng'ambo ya barabara, unaimba chini chini kioo kimeshuka: mwamini Bwana, zima gari, uvuke. Hawatakucheka sana. Na wakicheka, watakupakulia.

Somo lile la Kiingereza muhula ule lilikuwa limeshaharibika, alama zangu zilikuwa chini mno, nikafeli. Nililirudia muhula uliofuata pamoja na watu, nikaandika viazi vya bibi yangu, nikafaulu. Ada ya kulirudia nililipa taslimu, risiti ninayo: dola mia nne na kumi na mbili na senti hamsini.