Seth Kadenge Menza, Katibu Aliyejinyima Kura

Marehemu Seth Kadenge Menza alizaliwa tarehe 14 Aprili 1937 huko Rabai, kifungua mimba wa marehemu mzee Menza na marehemu mama Kadzo. Sisi wadogo zake watatu alitugawia muhogo kwa zamu, na hakuna aliyeruhusiwa kula kabla wote hatujakubali kwamba mgao ni wa haki.

Alisoma shule ya misheni Rabai, kisha Ribe, akamaliza darasa la nane mwaka 1954. Mwaka 1956 aliajiriwa na reli hapa Mombasa, karani wa mizigo, hadi alipostaafu mwaka 1992.

Stesheni ndiko alikompata Mwikali, mwaka 1964. Binti alikuwa akirudi Machakos na magunia mawili ya nazi. Seth alimweleza masharti ya mzigo, moja baada ya jingine, mpaka treni ikaondoka. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1965, wakaishi Buxton, wakajaaliwa Mirriam na Sammy.

Mwaka 1991 wenye magari ya Pijo hapa kisiwani waliunda chama, wakamchagua katibu. Kanuni aliziandika yeye. Moja ilisema mwanachama aje mkutanoni akiendesha gari lake. Likivutwa au likisukumwa, ataketi na atasema, ila hatapiga kura.

Tarehe 3 Agosti 1996 palikuwa na uchaguzi wa mwenyekiti, na rafiki yake mkubwa, Bw. Taib wa Mji wa Kale, aligombea. Gari la Seth lilizimika hatua chache kabla ya lango. Taib mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, alilisukuma hadi ndani. Kura zikafungana, kumi kwa kumi. Wote wakamgeukia Seth.

"Bwana Katibu, piga kura yako twende zetu."

"Sina kura. Gari langu limesukumwa."

"Nani kasema limesukumwa?" Taib akauliza.

"Si wewe umelisukuma? Tazama kanzu yako."

Watu walicheka. Taib hakucheka. Mwenyekiti aliyekuwa akiondoka ndiye aliyeamua, na Taib akakosa kiti.

Hakuja tena mkutanoni. Na kanuni nyingine, ya Seth huyo huyo, ilisema anayekosa mikutano mitatu bila udhuru anafutwa. Kumkosesha rafiki yake kiti aliweza, kumpoteza hakuweza. Basi kila mwezi aliipeleka barua ya mkutano Mji wa Kale kwa miguu, akabisha mlango, akauliza, "Bwana Taib ana udhuru?" Sauti ikatoka dirishani juu: "Mwambieni kitwa chaniuma!" Seth akaandika: Bw. Taib ameomba udhuru, anaumwa kichwa. Miezi ishirini na sita.

Nilimwambia, "Kaka, huyo hakutaki. Mfute, uokoe viatu."

Akanijibu, "Sidi, udhuru ameutoa. Nimfute kwa lipi?"

Sukari ilimwanza mwaka 1995. Mwishoni mwa Oktoba 1998 alikatwa mguu wa kulia, na barua za mwezi huo hazikwenda popote. Jumamosi tarehe 7 Novemba, Taib alifika Buxton asubuhi, akatoa salamu, akauliza mlangoni, "Barua yangu iko wapi?" Mwikali alimwonyesha kitanda. Taib aliingia chumbani. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akaomba kalamu. "Haya, sema, niandike."

Tangu siku hiyo barua zote za chama alizisambaza Taib, na udhuru wa katibu aliufikisha mkutanoni yeye.

Seth alifariki nyumbani Jumanne tarehe 9 Machi 1999, saa nne asubuhi. Mwikali alikuwa amemshika mkono, na Taib alikuwa akimsomea kumbukumbu za mkutano wa Jumamosi. Alisikiliza mpaka mstari wa mwisho, akasema, "Ni sahihi." Hakusema tena.

Ameacha mjane, Mwikali, watoto, Mirriam na Sammy, wajukuu watano, na sisi wadogo zake watatu. Nyumbani tulibishana kama rafiki huandikwa kwenye orodha ya jamaa. Bw. Taib alisema yeye hadai kitu. Mimi nimemwandika: Taib, ndugu yake.

Mungu ampokee, na pumziko lake liwe la amani.