Pweza wa Mikono Saba: Wasifu wa Marehemu Hieronimo Emmanueli Lukali

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza kaka yangu. Mimi ni Skolastika, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake na nitausoma, lakini kwanza naomba kila mwenye kile kijitabu cha ratiba akigeuze, jalada litazame chini. Siwezi kusoma huku picha ile ikinitazama. Inanitia kinyaa, na namjua kaka yangu: angeamka leo asingelalamikia kifo, angelalamikia jalada.

Marehemu Hieronimo Emmanueli Lukali alizaliwa hapa Bagamoyo tarehe 14 Oktoba 1957, mtoto wa kwanza wa Mzee Emmanueli Lukali na Mama Mgeni. Baba yetu alikuwa mtega madema, ile mitego ya kusukwa inayozamishwa baharini, na alirudi nyumbani viganja vimechanikachanika. Hieronimo alipofika miaka sita alikuwa anachora samaki, changu na tasi, kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na hata mtu asiyejua kusoma angekuambia yupi ni yupi. Mama alifuta, yeye akachora tena.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini, mwaka 1965 hadi 1971. Akiwa darasa la tano, mgeni mmoja wa misheni alituachia sanduku la vitabu vya katuni kutoka Ulaya. Lugha hatukuijua, tulitazama picha. Na katika kila kitabu, ndugu zangu, lazima alikuwapo mtu anavua. Mwizi akitoroka jela, anakwenda kuvua. Mfalme akichoka kutawala, anakwenda kuvua. Wote wamekaa kitako na kofia ya majani, fimbo mkononi, na mwisho wa uzi kinatoka kiatu. Kisipotoka kiatu, anatoka samaki mkubwa kuliko chombo, anammeza mvuvi, kisha anamtema akiwa mkavu, kofia haijasogea.

Hieronimo alimpelekea baba kitabu kimoja. "Baba, huko kwao watu wanatupa viatu vingi hivi baharini?"

Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka majini. Akaitazama ile picha muda mrefu, maji yakimchuruzika. "Hawa hawavui," akasema. "Hawa wanaicheka njaa ya mtu." Akatema mate mchangani, akaingia ndani.

Marehemu hakuyasahau mate yale. Mwaka 1977 alipata kazi katika chuo cha uvuvi Mbegani, ya kuchora picha za kufundishia, na alidumu nayo hadi alipostaafu mwaka 2017. Wapo manahodha na maofisa wengi pwani hii waliojifunza mapezi na matamvua ya samaki kwa mkono wake. Lakini hayo ninyi hamyajui. Ninyi mnamjua kwa Mzee Chubwi.

Mzee Chubwi, kwa vijana ambao hamkumwahi, alikuwa mvuvi wa katuni katika gazeti moja la wiki la Dar es Salaam. Kaka yangu alimwanzisha mwaka 1990, na jina alimpa la kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi wa kuvulia. Katuni ya kwanza ilikuwa safi. Mzee yuko kwenye ngalawa, mshipi mkononi kama tunavyovua sisi, anavuta changu. Mhariri akairudisha. "Hieronimo, samaki hachekeshi. Mtolee kiatu."

Akamtolea kiatu. Miaka kumi na tisa! Wiki hii kiatu, wiki ijayo sufuria iliyotoboka, nyingine tairi, nyingine mguu wa kitanda. Mimi nilimwona kwa macho yangu: akimaliza kuchora kiatu anainuka anakwenda kunawa kwa sabuni, hadi kwenye viwiko, kama mtu aliyeshika mzoga. Hapa mtaani Dunda mlimwita Mzee Kiatu. Mlimpungia mikono mkacheka, naye kwa adabu yake akacheka nanyi. Akifika nyumbani hali chakula. "Skola," aliniambia, "baba alitema mate, na mimi nimeyaokota nayauza."

Kitu kimoja tu alimkatalia mhariri. Mke wa Mzee Chubwi, yule anayesimama ufukweni na sufuria tupu, siku zote alimchora akiwa ametupa mgongo. Nilimwuliza mbona hana uso. Akasema, "Uso wake siuweki jirani na kiatu."

Mwaka 2009 mhariri alitaka Mzee Chubwi arushe baruti baharini. Mlipuko mkubwa, halafu samaki wadondoke kutoka mbinguni wameshakaangwa, moja kwa moja kwenye sahani. Hieronimo aliwahi kunichukua asubuhi moja, bahari imekupwa, maji yametoka, kwenye mwamba uliopigwa baruti. Nilikanyaga vifaranga vya samaki visivyozidi kidole, matumbo nje, macho yametoka, vimetapakaa kama maganda. Harufu ile ilikaa kwenye khanga yangu, nikaifua mara tatu kisha nikaichoma. Basi hilo ndilo la kuchekesha! Kaka yangu aliandika barua ya mistari miwili, akaacha. Mtu mwingine akaichora ile baruti, na nawaambia mbele ya jeneza lake, nilizisikia baraza za mji huu zikicheka. 

Nirudi nyuma kwenye jambo jema. Marehemu alifunga ndoa takatifu na Clara tarehe 2 Julai 1983. Wengi mnasema walikutana kanisani. Si kweli. Walikutana sokoni, Clara akikaanga pweza. Hieronimo alipita na picha kubwa ya chuo, akaisimamisha ili anunue kipande. Clara akaitazama, mwiko hewani.

"Kaka, pweza wako ana mikono saba. Wa nane umemuuzia nani?"

"Umejificha nyuma, dada."

"Nyuma wapi? Mimi nawachokoa mwambani tangu mdogo, nawapiga mpaka walainike, nawakata. Ungekuwapo ningeuona. Nenda kahesabu upya, ndipo uje ule."

Alikwenda akahesabu. Kesho yake akarudi na picha, akahesabiwa, akala. Keshokutwa yake akarudi bila picha. Toka siku hiyo hakuna pweza aliyetoka kwa Hieronimo bila Clara kumhesabu mikono kwanza, kidole kwa kidole, na mwisho aseme, "Minane, mpeleke." Walijaliwa watoto wawili, Emmanueli na Mgeni.

Machi 2023 marehemu alipatwa na kiharusi, na mkono wa kulia ukafa. Alianza kujifunza kwa wa kushoto, kwanza mstari, kisha duara. Januari mwaka huu alianza ukurasa mmoja wa Mzee Chubwi, na aliumaliza Agosti. Akanipa niutunze. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, lakini haya yalitoka wazi: "Uwekwe kwenye kijitabu cha mazishi yangu. Clara ahesabu." Hakuomba kingine. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa ameshika ule mkono wa kushoto.

Niliupeleka ukurasa kwenye kamati ya mazishi. Jana kijitabu kikaja kimechapwa, na juu yake hiyo picha niliyowaomba mgeuze, iliyotengenezwa na simu yenyewe, si mkono wa mtu. Kaka yangu amekaa kwenye kiti cha kukunja, kofia ya majani, fimbo mkononi! Nani hapa Bagamoyo amemwona mtu mzima anavua kwa fimbo kitini? Samaki ana kope. Ana meno ya mtu. Na mwisho wa uzi, enyi watu wa Mungu, kiatu.

Nilimwita Emmanueli, mwanaye, ambaye ndiye katibu wa kamati.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ukurasa wa baba yako uko wapi?"

Akainamisha kichwa. "Shangazi, tuliuacha. Baba alikosea. Yule pweza ana mikono saba. Mtu aliyechora samaki miaka arobaini! Watu watasema alikufa akili zimeshamtoka. Mimi sikutaka baba achekwe tena."

"Na hicho kiatu?"

"Nilidhani ndicho walichompendea."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na mengine hayafai kutajwa makaburini. Lakini niliona kijana analia. Nikamwambia lete huo ukurasa, twende kwa mama yako.

Clara alikuwa mkekani ndani. Nikamwekea ukurasa magotini. Hapo Mzee Chubwi hana ngalawa wala mshipi. Maji yametoka, anatembea mwambani nyuma ya mkewe, yeye ndiye kabeba sufuria. Mke kainama, anachokoa shimo kwa kijiti. Katika picha ya mwisho ameinuka na pweza, na kwa mara ya kwanza ametugeukia. Uso ni wa Clara, Clara wa sokoni, mwenye mwanya na kipini. Mistari inatetemeka, lakini ni yeye.

 Clara akaweka kidole kwenye pweza, akaanza kuhesabu. Akafika saba. Akahesabu tena, akafika saba. Emmanueli akaanza, "Mama, baba alikuwa mgonjwa..."

"Nyamaza," Clara akasema. "Baba yako hajakosea. Nipeni penseli."

Clara hajachora kitu maishani mwake. Alibana penseli kama anashika mwiko, akautoa mkono wa nane ubavuni mwa yule pweza, mnene, umepinda kama muhogo. Akaupuliza, akamrudishia mwanaye karatasi. "Minane," akasema. "Mpeleke." Emmanueli akaondoka na bodaboda mbio hadi duka la fotokopi hapa Dunda, na usiku kucha amechomeka nakala kwa mkono wake, moja katika kila kijitabu.

Basi fungueni sasa, mtoe karatasi iliyo ndani, na hilo jalada tupeni. Mkihesabu mtaona mmoja haufanani na mingine. Asiwepo wa kucheka.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Clara, watoto wawili, wajukuu watano, na mimi dada yake. Baba yetu Mzee Emmanueli, ukimpokea huko uliko, mwangalie viganja: havina mate tena. Hieronimo kaka yangu, pumzika kwa amani. Mikono imetimia.